Asubuhi Mlima Ulipofunguka

Watu wakiniuliza kama nimewahi kufika Kilimanjaro nasema ndiyo, halafu nabadilisha mazungumzo.

Safari ilikuwa ya baba mkwe, ingawa watoto wangu waliamini ni yao kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Daktari alikuwa amemwambia kwamba presha ya macho imeshamla sehemu kubwa ya kuona kwake, na kilichokwenda hakirudi. Mzee akarudi kwake Lalago, kisha akamwambia mume wangu, "Nipelekeni nikaone theluji kabla giza halijafika. Nataka nione maji yaliyolala juu bila kumwagika."

Tukatoka Bariadi alfajiri, yeye kiti cha mbele na mwanawe, mimi nyuma na watoto na mkungu wa ndizi. Kwetu Wasukuma mkwe huheshimiwa kwa mbali. Mimi mkamwana wake namsalimia nimepiga goti, simpi mkono, sikai naye kiti kimoja, na chumba anacholala sikikaribii. Nina shahada, lakini shahada haisalimii wakwe.

Hifadhini tulipanda hadi kwenye vibanda vya kwanza na kurudi. Nilivaa suruali, juu yake nikafunga kitenge, kwa hiyo kila nilipokanyaga jiwe kitenge kiling'ang'ania magoti na binti yangu akanicheka waziwazi. Baba mkwe alitangulia na fimbo yake, mwendo wa mchunga ng'ombe, usio na haraka wala kusimama. Wajukuu walipomwonyesha mbega juu ya miti, aliwasikia tu wakiruka, akasema hao ni mbuzi waliokosa mchungaji. Nilimpenda sana siku ile.

Lakini kilele hatukukiona. Ilikuwa wingu tu, kesho yake wingu tena, na kesho kutwa wingu na manyunyu. Mzee alitoka nje ya nyumba ya wageni kila baada ya muda, akainua uso, akauliza, "Bado?"

"Bado, babu," watoto wakamjibu, mpaka na wao wakaona aibu kujibu.

Asubuhi ya kuondoka mume wangu aliwachukua watoto wakaenda kuziba pancha. Mimi nikatoka barazani kuanua soksi. Mlima ulikuwa wazi, wote, kutoka msituni hadi juu.

Chumba cha baba mkwe kilikuwa palepale karibu na kamba ya nguo, mlango umefungwa, naye bado amelala kwa uchovu. Nikampigia mume wangu; simu ikaita chumbani kwetu, kwenye chaji. Nikaita jikoni, dada wa jikoni alikuwa ameenda kufuata maziwa. Nikakohoa. Nikakohoa tena kama mgonjwa wa kifua. Nikaangusha ndoo makusudi, nikaiokota, nikaiangusha tena. Nikasema "Mwangaluka, baba," salamu yetu ya asubuhi, kwa sauti ya kumwamkia mtu aliye ng'ambo ya mto. Hakuamka. Mkono wangu ulifika karibu kabisa na ule mlango, ukarudi. Sina maelezo mazuri. Mama yangu alinifunda mambo mengi, na hilo ndilo lililoshika kuliko yote.

Dada wa jikoni alipotokea na maziwa yake nikamsukuma karibu kumwangusha, akagonga. Mzee akatoka amejifunika blanketi. Wingu lilikuwa limeshashuka. Alisimama muda mrefu ameelekea upande ule, nami nikaanza kulia, nikaficha uso kwenye soksi.

"Haina neno, mayu," alisema. Hivyo ndivyo anavyoniita, mama.

Mume wangu aliporudi akaniuliza, "Si ungegonga tu?" Ni rahisi kusema hivyo kama hujawahi kuwa mkamwana wa mtu. Nilimnunia hadi Singida, halafu hasira ikanigeukia mwenyewe. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalizaliwa palepale barazani.

Sasa mzee haoni kabisa. Tukienda Lalago namwekea chai kwenye stuli, namwambia ilipo, narudi kukaa mkekani kwangu. Mwezi uliopita mume wangu na watoto walikuwa zizini, tukabaki wawili uani.

"Mayu, siku ile wewe uliuona."

"Niliuona, baba."

"Basi niambie ulikuwaje."

"Ulikuwa mweupe, baba."

"Weupe wa pamba, au wa maziwa?"

Aliuliza taratibu, akainamisha kichwa upande wangu, akangoja. Muda wote mlima ulipokuwa wazi, mimi nilikuwa nautazama mlango wake.