Fundi Aliyeanza kwa Vidole

Simu ilinikuta Jumamosi asubuhi katika kituo cha kununulia chai, gunia langu likiwa bado kwenye mizani. Aliyepiga aliniambia kwamba fundi wetu wa pikipiki wa pale Kapkatet amefariki. Ameanguka nyumbani kwake akifunga kamba za viatu, na majirani walipofika alikuwa ameshakwenda. Nilimwomba arudie. Aliporudia, nikamuuliza kama ana hakika si baba yake fundi, maana baba yake ndiye mzee anayeugua. Alikuwa yeye mwenyewe. Nimezika wengi katika maisha yangu, na namshukuru Mungu kwa miaka aliyonipa, lakini habari hii ilinipiga mahali ambapo sikuwa nimejikinga. Alhamisi nilikuwa nimeiacha pikipiki yangu mikononi mwake, tena nikiwa nimemkasirikia. Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha Jumapili, baada ya ibada.

Kibanda chake kilijaa mikebe ya maziwa ya unga, na ndani ya mikebe mlikuwa bolti na skrubu alizozipanga kwa urefu na kwa aina ya meno, ile mistari ya kuzungukia. Huku kwetu mtu huomba bolti kwa namba ya spana. "Nipe ya kumi," anasema, kana kwamba amemaliza. Naye humjibu, "Ya kumi ni kichwa tu. Mwili je?" Kisha huanza kuijaribu kwa vidole viwili, polepole, macho yake yakitazama barabara. Ikikataa kwenye mzunguko wa pili, huirudisha mkebeni bila ugomvi na kuchukua nyingine. Ikiingia yote, hakuikaza. Alikupa wewe spana. "Kaza mwenyewe, ujue ni nini kimekushika." Walimu, wachungaji na vijana wa boda, wote waliinama pale.

Alhamisi ile nilikwenda kwa sababu madigadi ya mbele, ile kinga ya matope, ilikuwa ikipiga kelele. Alifungua bolti moja, akaigeuzageuza kiganjani.

"Mzee, hii umetoa wapi?"

Nikamwambia ukweli. Yenyewe ilianguka kwenye barabara ya changarawe, nami nikachomoa nyingine kwenye kifuniko cha mashine ya kukatia ng'ombe nyasi. Ilikuwa ya kumi. Ilipokataa niliisukuma kwa spana mpaka ikaingia.

"Basi hiyo pikipiki itaanza kutoa maziwa," akasema mwendesha boda aliyekuwa akingoja zamu yake, na watu wakacheka.

Fundi hakucheka. Alinitaka niiname, akanionyesha mahali ncha ya bolti ilipopita tundu na kuanza kulichonga tairi. "Na meno ya tundu umeyamaliza, baba. Hii haiendi leo."

"Nangojewa Merigi, nikamwombee mgonjwa. Funga tu na mpira, nitarudi."

"Siwezi. Wewe hubeba mama watoto hapa nyuma."

Ndipo nikasema neno ambalo bado linanichoma. Nilimwambia, mbele ya wateja wake, kwamba anazuia kazi ya Mungu kwa ajili ya kachuma kadogo, na kwamba hicho ni kiburi. Alipangusa mikono yake taratibu. "Sawa, baba. Nenda na boda. Hii nitaitafutia yake."

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu, nikitarajia anionee huruma. Akaniuliza, "Na hiyo tairi, uliiona vile imekatwa?" Nikasema niliiona. "Sasa shida yako na yeye ilikuwa gani?" Usiku huo ndipo nilipopanga kumwomba msamaha Jumapili.

Tangu simu ile nimekuwa nikijipima. Sisi tunaosikilizwa kanisani ni rahisi kudhani haraka yetu ni haraka ya Mungu. Tunaona kichwa kinalingana na spana, basi tunasukuma. Nimewahi kupatanisha ndugu wawili wa shamba moja kwa namna hiyo. Niliwafanya washikane mikono mbele ya waumini, nikaenda zangu nikiamini wamepatana, na hadi leo watoto wao hawasalimiani. Siku hizi pikipiki zinatoka viwanda vingi, kila moja na vipimo vyake, na nyingi huku zimefungwa kwa vipande vya tyubu na bolti za kulazimishwa. Yule mtu alikuwa na subira ya kutafuta. Mimi nilimwita mwenye kiburi.

Jumatatu, baada ya kukaa na mjane wake, nilikwenda Kapkatet. Fundi wa kibanda cha pili alinifungulia. Pikipiki yangu ilikuwa imesimama imeoshwa, madigadi iko mahali pake, tundu limechongwa meno mapya. Bolti ilikuwa fupi, safi, imeingia yote. Nilipoigusa ilizunguka chini ya kidole changu. Haikuwa imekazwa. Juu ya kiti palikuwa na spana ya kumi.

"Alimaliza Ijumaa jioni," jirani akasema. "Aliniambia nisiiguse. Eti mzee ataikaza mwenyewe."

Alikuwa ananingoja, na mimi nilikuwa nangoja Jumapili. Nilipiga magoti kwenye changarawe nikaikaza, nikamwambia pale chini neno la msamaha nililokuwa nimemwekea. Msomaji wangu, kama una neno la namna hiyo kwa mtu, usilisubirishe mpaka ibada iishe.