Daftari la Mafuvu

Ninyi vijana wa kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mnaosoma haya, kaeni vizuri. Sirudii mara mbili.

Nilipokuwa msichana kule kwetu Fizi, Kongo, nilimsaidia bibi yangu kuzalisha. Siku moja kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshatoka, nami kwa haraka zangu nikakishika nivute. Bibi akanipiga mkono.

“Acha! Mabega bado yanatafuta njia. We unavuta mutoto kama muhogo?”

Mtoto akajigeuza mwenyewe, akatoka. Kwa neno hilo nimezalisha wengi, mwanangu, ila sababu yake sikuijua.

Mwaka huu mjukuu wangu Neema, anayeniita koko, yaani bibi, aliitwa chuoni Lilongwe kuulizwa maswali kwa mdomo. Nafasi ya kusoma ilikuwa moja tu. Akaja na daftari la somo la asili ya mwanadamu, lenye picha za mafuvu na manyani. Mimi ni mtu wa kanisa. Nikasema kitu hicho hakilali kwangu. Akawa anasomea bombani, katikati ya ndoo za watu.

Nikamfuata nimgombeze zaidi. Nikamkuta analia.

“Koko, banauliza kwa nini mwanadamu anazaa kwa shida. Nimekariri, sielewi. Inasema tulipoanza kutembea kwa miguu mbili nyonga ikabana, kisha vichwa vyetu vikakua.”

Kumbe njo sababu ya lile neno la bibi.

Nikamshika nyonga kwa mikono miwili, mbele ya wanawake wote wa bombani, nikamwonyesha mlango ulivyo mwembamba, kichwa kinavyopita, mabega yanavyogeuka, na utosi unavyobaki laini ili kichwa kibonyee.

“Sasa mwambie huyo mwalimu wako mwanamke hazai peke yake, anahitaji mikono ya mwenzake.”

Wanawake wakacheka. “Mama, na sisi tuandikishe darasani.”

Siku ya maswali nilimsindikiza Lilongwe, nikamngoja nje ya chuo. Alitoka anatembea kama bibi harusi.

“Baliniuliza nani amenifundisha. Nikasema koko yangu, bombani.”

Nafasi ni yake. Kambi nzima ilisikia vigelegele vyangu, na mimi si mtu wa vigelegele.

Mwanangu, nimeharakisha mara mbili: ujanani kwa mkono, uzeeni kwa mdomo. Usivute usichokielewa, na usifukuze kitabu kwa kuchukia picha zake. Unachojua kwa mikono kilete mezani. Kina wenzake vitabuni. Mungu awageuze polepole, mpite salama pale panapobana.

Kwangu nimeshaamuru: daftari la Neema likae kando ya Biblia, na nsima, ugali wa huku, haipakuliwi mpaka mmoja wenu anisomee ukurasa.