Flash Isiyopimwa

"Umeipima?" Mama aliniuliza, akiitupia jicho flash yangu.

Tulikuwa jikoni kwetu, nje kidogo ya Njoro. Alikuwa akimimina maji kwenye mtungi mpya wa maziwa, kopo la lita moja baada ya jingine. Mtungi uliandikwa lita ishirini, lakini Mama hauzi maziwa kwa mtungi ambao hajaupima mwenyewe. Mimi nilikuwa mezani na laptopu ambayo diski yake ilikufa, nikiiwasha kwa flash niliyonunua mjini Nakuru. Mfumo mzima wa kompyuta uliishi humo. Nafasi iliyobaki niliitengea rekodi za utafiti wangu wa mwaka wa mwisho chuoni.

"Flash haipimwi, Mama. Imeandikwa hapo, gigabaiti sitini na nne."

"Kwani hii mtungi haijaandikwa? Na wewe ndiye unauliza maswali mpaka pasta anakuhepa!"

Wiki hiyo nilienda Kihoto, Naivasha, ambako ziwa lilikuwa limeingia majumbani. Bibi mmoja mzee alisimama nami ukingoni mwa maji, nikimrekodi kwa simu, akataja nyumba za mtaa wake moja moja: nani aliishi wapi, nani alipanda nini mlangoni. Majirani wenyewe walishatawanyika. Maji hayakuwa na sauti. Kufikia mwisho nilikuwa nimerudi nyuma mara mbili, na bado viatu vilikuwa vimelowa.

"Umeshika yote?" bibi akaniuliza.

"Yote, shosho."

"Basi utaniletea nisikie. Mimi nimeanza kusahau."

Nyumbani nilihamisha rekodi kutoka kwenye simu hadi kwenye flash. Sikuridhika na kuambiwa tu kwamba imehifadhiwa; niliifungua palepale nikaisikiliza mwanzo hadi mwisho. Sauti ilitoka safi. Ndipo nikaifuta kwenye simu, iliyokuwa imejaa. Nilipozima laptopu na kuichomoa flash, ilikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa. Nililiona hilo, nikalipuuza.

Asubuhi kompyuta iliwaka kama kawaida. Jina la rekodi lilikuwepo, na ukubwa wake ulikuwa uleule. Nilibonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, Mama akaacha kuosha vyombo ili naye asikilize, na bado kimya.

Nilirudi Kihoto kumwomba shosho arudie. Maji yalikuwa yamepita pale tuliposimama. Alianza vizuri, nyumba ya kwanza, ya pili, kisha akanitazama.

"Ya tatu ilikuwa ya nani? Si uko nayo kwa mashine?"

Muda mrefu baadaye, nikiwa nimeshaajiriwa, niliipima ile flash hatimaye, kwa kuijaza na kuisoma upya. Ilikuwa ya gigabaiti kumi na sita, imefundishwa kudanganya. Mfumo ulikaa mwanzoni, penye nafasi ya kweli, ndiyo maana uliwaka kila siku; rekodi iliangukia mbele, penye nafasi isiyokuwepo. Na sauti niliyoihakiki siku ile ilitoka kwenye kumbukumbu ya muda ya laptopu, ile inayofutika ikizimwa. Ndani ya flash halikuwa limeingia hata neno moja.