Maji ya Pepo

Wiki iliyopita nilikwenda matangani Junda, na nilipokuwa nikirudi nikawakuta vijana watatu wamechutama kijitoni, wakichekecha tope kwa chujio. Wakanieleza kwa adabu kwamba ukuta uliozuia maji huko juu umebomolewa, nao wanahesabu vidudu ili wajue kama samaki watarudi. Nilikuwa na la kuwaambia, lakini jua lilikuwa kali na magoti yaniuma, nikawaombea heri nikapita. Acha nikwambie wewe, sahibu yangu, maana nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Nyanya alinilea hapo, miaka michache kabla ya uhuru. Kijito kilishuka kutoka mashambani, kikapenya kwenye mikoko na kuingia baharini, na pale maji mawili yalipokutana ndipo walipokaa uduvi, wale kamba wadogo wadogo. Tuliwavua kwa kanga, nyanya upande wake na mimi wangu, naye akawapika kwa nazi na ukwaju. Waliobaki tukawaanika kwenye mkeka na kuwauza. Kazi yangu nyingine ilikuwa kufukuza kuku. Nilinuka uduvi hadi nyweleni, na kule chuoni, tulikosomea Kurani, wenzangu wakanipa jina hilo hilo. Niliudhika sana, lakini shibe yangu ilitoka humo.

Kisha mwenye shamba la michungwa huko juu akajenga ukuta, akatia mbao za kufungulia na kufungia maji, na funguo akampa nyapara wake, mtu wa bara. Kijito kikakauka. Chumvi ikapanda hadi kwenye minazi yetu, na uduvi wakatoweka, na samaki wadogo waliowafuata wakatoweka nao. Tukawa twala muhogo mkavu, asubuhi na jioni. Mjomba wangu, aliyefanya kazi bandarini na kupanga chumba Changamwe, akaja akanitazama mbavu. Akasema uduvi wasiporudi mpaka mwezi wa Ramadhani uandame, atanichukua. Nililia. Sikuwa na mama, na nyanya ndiye aliyekuwa kila kitu changu.

Nyanya akavaa buibui lake la kutokea, akanishika mkono, tukapanda hadi ukutani.

"Mwanangu," akamwambia nyapara, "twakuomba utuachie maji ya pepo, japo kidogo."

Yule bwana akarudi nyuma. "Mama, mimi ni mtu wa kanisa. Mambo ya mapepo sitaki. Nenda zako."

Nyanya hakuelewa kafanya kosa gani. Alikwenda mara tatu, na kila mara akarudia maneno yale yale, pole pole zaidi, akidhani huyu mtu hasikii vizuri. Mara ya tatu nyapara alimwonyesha msalaba shingoni. Wiki zikapita hivyo.

Aliyetuokoa ni mwalimu wetu wa chuoni. Alimkuta nyapara dukani akisimulia habari za bibi mchawi anayetaka maji ya mashetani, akacheka mpaka akashika kaunta. "Bwana wee, maji ya pepo ni haya ya kunywa, yasiyo chumvi. Ndivyo tusemavyo sisi."

Jioni ile nyapara akaja kwetu, kofia mkononi. "Shikamoo, mama. Sikuelewa." Nyanya akaitikia marahaba, akachota mtungini, akampa kata. "Haya ndiyo mapepo yangu. Kunywa." Akanywa yote, na kesho yake akainua mbao mbili.

Nilidhani uduvi watakuja na maji siku ile ile. Nyanya alinikalisha ukingoni akanifundisha kugeuza mawe. Kwanza tuliona viluwiluwi vya mbu tu. Baada ya siku kadhaa wakaja watoto wa kereng'ende, wabaya wa sura, wakitambaa chini ya majani yaliyooza. Nyanya alifurahi kuwaona kana kwamba ni wageni wa harusi. "Hawa wakikaa, wengine watakuja," akasema. Mimi nilikuwa nikihesabu siku za mwezi.

Siku ya kungojea mwezi uandame niliwapata uduvi watatu. Nilikimbia nao kiganjani hadi nyumbani, na mjomba alikuwa ameshafika, ameketi barazani. Nikamwonyesha. Aliwatazama kwa huruma, hakunicheka. "Watatu hawa ndio chakula, mwanangu?" Jua lilipotua nilikuwa Changamwe, nalala chini ya dirisha lililotazama reli.

Katikati ya mfungo jirani yetu wa Junda akatuletea kifurushi cha uduvi wakavu kutoka kwa nyanya. Akasema wamejaa tele, na samaki wadogo wameingia nyuma yao. Nikaruka, nikaanza kukusanya nguo zangu. Mjomba akasema nimeshaandikishwa skuli, nitakwenda siku ya Idi kutembea tu. Nikatembea Idi ile, na nyingine, mpaka nyanya akafariki na bendera ilikuwa imeshabadilishwa.

Mikoko ile sasa imekatwa, watu wamejenga mpaka majini. Wajukuu wangu wakisikia maji ya pepo wanashtuka kama nyapara yule. Hayo nimeyazoea. Lisilonitoka ni jibu la jirani yule wa kifurushi, nilipotaka kujua nyanya anavua na nani, kwa sababu uduvi huvuliwa kwa kanga, na kanga hushikwa na watu wawili. Akasema, "Upande wako aufunga kwenye mkoko."