Waliuita Utani

Harufu ya mashudu ya alizeti hunirudisha kijijini kwetu Mitundu hata nisipotaka. Kiwanja chetu cha netiboli kilikuwa nyuma ya mashine ya kukamua mafuta, na kiangazi kizima tulicheza huku vumbi na harufu hiyo vikitukaa kooni. Nilikuwa darasa la sita, Mnyaturu kati ya Wanyaturu, na kazi yangu ilikuwa kumpelekea mpira Udaweda, binti wa wafugaji wa Kitaturu. Alikuwa mrefu, mkimya, na alipoinua mikono chini ya goli sisi tulishageuka kurudi katikati, maana tulijua umeingia. Kijiji kilimpenda kadiri kilivyopenda ushindi.

Mwaka ule ng'ombe waliingia kwenye mashamba ya uwele. Hakuna aliyejua ni wa nani, lakini lawama ziliwaangukia Wataturu; samaki mmoja akioza, wote wameoza, na kufikia mechi yetu na kijiji jirani Udaweda alikuwa mwizi kwa kuzaliwa tu. Mama zetu, waliokuja kutushangilia, walimzomea yeye. Walimwambia ananuka samadi, arudi porini akachunge. Kinara wao alikuwa shangazi yangu, mwanamke mwenye sauti. Udaweda akafunga, wakazidi. Akafunga tena, wakazidi. Mwisho akauweka mpira chini taratibu, akatoka. Tulifungwa, na kwa hilo pia akalaumiwa yeye. Mama yake alipokuja kumchukua, shangazi alimfuata akicheka, akamshika mkono kama tunavyowashika watani wetu tukishawatukana, akamwambia asinune, ule ulikuwa utani tu. Kwetu neno hilo hufuta kila kitu. Yule mama aliuondoa mkono wake.

"Mtani hutukana, kisha huja msibani," alisema. "Masika nilimzika mwanangu hapa hapa. Ulikuja?"

Mvua zilipoanza, familia ya Udaweda ilikuwa imeshahama na mifugo yao, naye hakumaliza shule. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo.

Sasa naishi Utemini, Singida mjini. Kiwanja anachochezea binti yangu kina nyavu, watoto wana jezi, wazazi wanarekodi kwa simu. Matusi ni yale yale, na bado yanaitwa utani. Mwaka jana nilikutana na Udaweda sokoni, akiwa na msichana mrefu kama yeye. Alinisalimu kwa adabu, kama mtu anayemsalimu mgeni. Nikamwuliza kama binti anacheza netiboli.

"Anajua," alisema. "Nimemkataza."