Mialiko ya vikao isiyomfikia Baba Neema

Admin, naomba jina langu lisionekane popote. Nina miaka hamsini na mbili, ni mjane, naishi Ngokolo hapa Shinyanga. Hili sikuwahi kumwambia hata marehemu mume wangu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta Mwanza, nikaajiriwa na kampuni ndogo ya kuchimba dhahabu upande wa Geita. Barua pepe zilikuja kwa dishi, na vikao viliitishwa kwenye kalenda ya kompyuta. Unapata mwaliko, unabonyeza kukubali, basi. Mitambo ikisumbua, naitwa mimi.

Siku moja akaja Baba Neema, msimamizi wa shimo la kusini, Msukuma mmoja mpole sana. Ameshika barua mbili za onyo. "Ng'wanone," akaniambia, yaani mwanangu, "wanasema nakubali vikao halafu siendi. Mimi hiyo mialiko siioni. Hebu niangalizie mashine."

Nikaenda ofisini kwake kule shimoni. Nikamtumia mwaliko wa kujaribu, haukufika. Barua za kawaida zilifika vizuri. Kufungua mipangilio, nikakuta kila mwaliko wake unaelekezwa kwa Bwana S, msaidizi wa meneja, na huyo ndiye aliyekuwa akikubali kwa jina lake. Sote tulijua anaitaka nafasi ya Baba Neema kwa ajili ya shemeji yake.

Ujinga wa ujana, nikadhani ni makosa tu. Nikaenda kumwambia Bwana S. Alifunga mlango taratibu, akakaa.

"Mkataba wako unaisha mwezi ujao, sivyo?"

"Ndiyo, bosi."

"Na wadogo zako unawasomesha wewe. Sasa niambie, umeona nini kwenye mashine ya yule mzee?"

Nikajibu sijaona kitu. Baba Neema nikamwambia dishi linasumbua. Akanishukuru, akanipa viazi vitamu kutoka shambani kwake.

Wiki ile ile kikaitishwa kikao cha dharura. Magogo yanayozuia udongo kwenye shimo la kusini yalikuwa yamesogea, ikaamuliwa mtu asishuke. Kwenye kalenda, jina la Baba Neema lilionyesha amekubali kuhudhuria. Bwana S akasema yeye mwenyewe atampelekea uamuzi. Kesho yake asubuhi Baba Neema akashuka na vijana wawili kama kawaida. Udongo ukaporomoka. Vijana walitolewa wakiwa hai. Yeye alitolewa siku ya pili.

Kabla hata hajazikwa, Bwana S alinisimamia nyuma ya kiti, nikarudisha mipangilio ile kama ilivyotakiwa kuwa. Nilifuta ushahidi kwa mikono yangu. Uchunguzi ukasema marehemu alikaidi amri.

Mwaka huu amehamia dada mmoja kwenye jumuiya yetu, mwalimu. Ni Neema. Juzi tukiosha vyombo baada ya sala akaniambia, "Mama, baba yangu alikufa kwa ubishi wake. Mama yetu hadi leo hataki tumtaje." Sahani ilinidondoka.

Jana mchana simu ikaita, namba ngeni. Sauti niliitambua hata kabla hajasema jina. Bwana S sasa ni mtu mkubwa, ana watu kila mahali. Akanisalimia kwa upole, akaniuliza hali ya wanangu, mmoja mmoja kwa majina. Kisha akasema, "Nasikia unasali na binti wa yule mzee," akakata.

Neema anakuja kwangu Jumapili. Ushahidi sina, nina mdomo wangu tu, na nina watoto. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngemwambia?