Mlango wa Sinema

Juzi nilikuwa mjini Ibra, Omani, barazani kwa shangazi yangu, likasimama gari la watalii. Dereva wao, kijana wa hapahapa, akawaonesha mlango wetu wa kuchonga, wakaupiga picha.

“Umewambia nini?” shangazi akamuuliza, dele la kahawa mkononi.

“Kwamba ulitengenezwa kwa sinema ya Kimarekani, bibi. Wanapenda hivyo.”

“Babangu kauleta kwa meli kutoka Unguja. Jeneza lake limepita hapo.”

Kijana akacheka. Hasira zikanipanda, maana babake naye kazaliwa Unguja.

Ibra hata adui hupewa kahawa. Shangazi akawamiminia wageni wote, akamruka yule kijana, naye mkono kesha kuunyoosha apokee kikombe.

“Na mimi, bibi?”

“Wewe mngoje Mmarekani wako aje akumiminie.”